Faili la Yajayo

Studio yetu ipo ghorofa ya tatu, Sinza Kumekucha,
juu ya duka la matairi na saluni ya kiume.
Trei za mayai tumezibandika ukutani zinyonye kelele,
ila honi za Shekilango hazijaokoka,
zinaingia katikati ya Ufunuo.

Mimi ndiye fundi mitambo. Sionekani, sitajwi.
Napandisha mwangwi anaposema "Asema Bwana",
naushusha anapotaja namba ya kutumiwa sadaka,
maana namba lazima isikike vizuri.

Nabii Elikana hufika saa tano kasorobo usiku,
gazeti la jana kwapani,
simu mbili, chupa ya chai ya tangawizi.
Kwanza husoma habari za dunia, kimya, kidole mstarini,
kama mwanafunzi anayeogopa kuulizwa.
Kisha taa nyekundu inawaka
na mfalme wa kaskazini anaanguka.

Ameanguka mara nne mfalme huyo tangu niajiriwe.
Machi. Halafu baada ya Pasaka. Halafu "kabla ya masika".
Halafu "msihesabu siku, hesabuni dalili".
Benki moja kubwa ya ng'ambo ilikuwa ifungwe Jumatatu;
Jumatatu ikaja, ikafunguliwa saa mbili unusu, kama benki.
Mvua iliyobeba friji ya dada yake kule Jangwani
hakuiota.

Asubuhi kazi yangu ni kukata.
Natafuta tarehe ilipotajwa,
naiziba kwa "Haleluya" niliyoikopa kwenye ibada nyingine.
Kompyuta haina imani, inauliza tu:
Una hakika unataka kufuta?
Nabonyeza ndiyo.
Lakini zile asilia ninazo, kwenye flashi,
ndani ya soksi, kabatini.
Sijui namtunzia nani. Polisi hawajauliza.
Mungu anazo zake.

Ndipo akapiga Mama Nyamizi wa Mbagala Kizuiani,
muuza chapati na maandazi:
"Nabii, hiyo vita ya Gogu na Magogu,
mafuta ya kupikia yatapanda?"

Nilimwona kupitia kioo akikosa andiko.
Akafunga macho. Sekunde saba.
Redioni sekunde saba ni msiba.
"Yatapanda, mama. Mpaka mlie."

Akakopa kwenye kikoba, akanunua madumu kumi na moja,
mengine akayasukuma uvunguni,
mengine akayapanga pale alipokuwa akilala mjukuu.
Miezi miwili. Meli zikashusha mzigo, bei ikalala.
Riba haikulala.

Akapiga tena, usiku, kipindi kimekwisha,
Nabii yuko chini barabarani, namsikia
akibishana nauli na bodaboda.
Nikapokea mimi.
Hakufoka. Hakutaka hata kuombewa.
"Mwanangu, wewe uliye karibu na hiyo mitambo,
niuze au nisubiri?"

Ningemwambia: mama, naitwa Tusajigwe,
nimesomea umeme Chang'ombe,
sijui hata kama nguo nilizoanika zitakauka.
Ningemwambia.
Ila hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kwa sauti ile,
taratibu, kama anayeshika ukingo wa meza gizani,
na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye swichi ya mwangwi.

"Uza," nikasema. "Uza kesho."

Akashukuru mpaka nikaona aibu. Akauza kwa hasara,
akalipa nusu ya deni.
Wiki ya tatu yake bei ikapaa
kuliko hata alivyosema Nabii,
ambaye sasa kila usiku ananiamuru
nicheze kile kipande: "Yatapanda, mama. Mpaka mlie."
Nacheza. Simu za sadaka zinaita.

Mama Nyamizi hajapiga tena.

Simu ya studio hujirekodi yenyewe, nilisahau kusema.
Jana nimeitoa ile flashi kwenye soksi,
nikaongeza faili moja, fupi, sekunde nne,
sauti ya kike, mwangwi mwingi mno,
haijakatwa.